Barua ya wazi kwa wenye mashamba ya maua: mjamzito asiogope kusema ana mimba

Kwa waheshimiwa wamiliki, wakurugenzi na mameneja wa mashamba ya maua na mboga za kuuza nje, mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Nakala kwa Kamishna wa Kazi, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wa mashambani.



Mimi ni muuguzi mkunga katika zahanati iliyo jirani na mashamba yenu, upande wa Arumeru. Wanawake wengi ninaowapima kliniki wanatoka kwenu: wakata maua, wachambuaji, wapakiaji, wapalizi. Wengine niliwazalisha zamani, na sasa nawazalisha mabinti zao walioajiriwa katika grinihausi zile zile. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimya nimeijaribu. Nilimwendea ofisa rasilimali watu wa shamba moja, ambalo sitalitaja, akanipokea kwa adabu na kuniahidi kwamba suala langu litafikishwa kwa wakubwa. Jibu sijapata, na wanawake wa shamba lile wanaendelea kunijia na shida zile zile.

Nawaambia mapema kwamba barua hii ina upande. Nipo upande wa mama na mtoto wake. Najua maua yana gharama, najua bei ya mnada huko Ulaya hupanda na kushuka, najua maelfu ya familia za huku zinakula kwa sababu nyinyi mpo. Hayo yote nayakubali, na bado nina malalamiko.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlinda mjamzito na mama anayenyonyesha kuliko wengi wanavyodhani. Inamkataza mwajiri kumpa, au hata kumruhusu kufanya, kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto. Inataka apewe kazi nyingine inayofaa, pale inapowezekana, bila kupunguziwa maslahi. Inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 akijifungua mapacha. Lakini kinga dhidi ya kazi ya hatari haina nguvu mpaka mwajiri ajue kwamba mama ana mimba, na kwenye mashamba yenu mwanamke anahangaika usiku na mchana ili msijue. Lalamiko langu kubwa liko hapo, na mengine yote yanatokana nalo.

1. Wanawake wanaficha mimba kwa sababu wanawaogopa.

Mama anapopanda kitandani nimpime, anafungua vifungo vya ovaroli, na ndani nakuta kanga imezungushwa tumboni mara mbili tatu na kukazwa kibwebwe. Nikiifungua, ngozi imebaki na mistari ya pindo. Tumbo la miezi sita limebanwa lionekane la mtu aliyeshiba tu. Nikimuuliza kadi ya kliniki anaiweka wapi, ananiambia ipo kwa jirani, kwa sababu jioni mikoba inapekuliwa getini, na mlinzi akiiona kadi, msimamizi atakuwa ameshaambiwa kabla yeye hajafika nyumbani.

Sisi tunataka mjamzito aanze kliniki kabla ya wiki 12. Hawa wananifikia mwezi wa tano, wa sita, na mmoja mmoja nakutana naye mara ya kwanza uchungu ukiwa umeshaanza. Wakati huo nimeshakosa nafasi ya kupima wingi wa damu mapema, kupima kaswende na VVU wakati tiba ingemkinga mtoto vizuri zaidi, kumpa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kuzuia malaria kwa awamu zake. Presha yake ya mwanzo siijui, kwa hiyo ikipanda sijui imepanda kutoka wapi.

Kwa nini wanaficha? Kwa sababu wameona yaliyowapata wenzao. Wengi wako kwenye mikataba ya miezi mitatu mitatu, au ni vibarua wanaoitwa kwa orodha. Aliyeonekana ana mimba hapewi barua ya kumfukuza. Mkataba unaisha, orodha mpya inasomwa getini asubuhi, jina lake halimo. Anasimama pale mpaka wenzake wote waingie, kisha anarudi nyumbani. Hana karatasi ya kuonyesha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na hata kama angekuwa nayo, ana siku 30 tu za kufungua shauri la kuachishwa kazi isivyo halali. Siku hizo zinaisha akiwa bado anatafuta kibarua kingine.

Mnasema mkataba umeisha wenyewe. Tafadhali waulizeni wanasheria wenu. Sheria inahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuhuisha mkataba wa muda maalumu ambao mfanyakazi alikuwa na sababu ya kutarajia utahuishwa. Inahesabu vivyo hivyo pale mama anapokataliwa kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Na inasema wazi kwamba mimba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ni kweli kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimfikii mwenye utumishi chini ya miezi sita, lakini miezi hiyo inahesabiwa kwa mwajiri yule yule, hata mikataba ikiwa zaidi ya mmoja. Kukata mwaka vipande vya miezi mitatu hakuifuti. Na katazo la kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya mimba halikuwekewa sharti hilo la miezi sita.

Ninachoomba hapa ni tangazo. Libandikwe getini kwa Kiswahili, lenye sahihi ya mkurugenzi mwenyewe, liseme kwamba mwanamke atakayetoa taarifa ya mimba atahuishiwa mkataba mpaka likizo yake ya uzazi iishe, na nafasi yake itamsubiri. Taarifa hiyo asiipokee msimamizi anayeandika orodha. Aipokee muuguzi wa shamba, au mwakilishi wa usalama na afya ambaye ni mwanamke na amechaguliwa na wanawake wenzake. Na kama kuna shamba linalompima mwanamke mkojo wa mimba kabla ya kumwajiri, liache mara moja.

2. Dawa zinamfikia mtoto kabla mama hajajua kwamba anaye.

Naomba tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo ninapoogopa zaidi.

Sheria inamtaka mfanyakazi atoe taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua. Kwa kupanga likizo, muda huo unatosha. Kwa viuatilifu, umechelewa mno. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Moyo, mikono, miguu, uso, vyote vinaumbika katika wiki za mwanzo, wakati mama pengine anadhani amechelewa tu kuona siku zake. Wiki hizo yuko ndani ya grinihausi, chini ya plastiki, kwenye joto linalomtoa jasho toka asubuhi, anakata waridi na majani yamegusa mikono, shingo na kifua.

Mashamba mengi yanamjali mpiga dawa. Anapewa suti, barakoa, glavu ndefu na gambuti, na wanaotumia dawa za jamii ya organofosfeti wanapimwa damu kila baada ya muda. Vizuri sana. Lakini mpiga dawa anamaliza zamu yake na kuoga, na baada yake anaingia mkata maua, amevaa raba na amejifunga kanga, na anashinda humo. Yeye hapimwi kitu. Kwenye kibandiko cha kila dawa umeandikwa muda ambao mtu haruhusiwi kuingia baada ya kupulizia, saa kadhaa kwa dawa hii, siku nzima au zaidi kwa ile. Wanawake wananisimulia kwamba msimu ukibana, muda huo haungojwi. Wanaingia majani yakiwa mabichi kwa dawa. Wanatoka na macho yanayowaka, kichwa kizito na kichefuchefu, na kwa kuwa ni wajawazito wanaambiwa hicho kichefuchefu ni cha mimba.

Msifikiri nazungumzia hofu za kijijini. Klorpirifosi, dawa ya wadudu iliyotumika mashambani miaka mingi duniani kote, ilinyimwa kibali Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wasiwasi juu ya ubongo wa mtoto unaokua. Mwaka 2025 ikaingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm, wa kemikali zinazodumu muda mrefu katika mazingira. Huko Ubelgiji watafiti walichunguza mashada yanayouzwa madukani, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba walikuta mabaki ya viuatilifu vya aina zaidi ya 100, na mabaki hayo yalionekana pia kwenye glavu za wauza maua. Yule muuza maua ameshika ua lililokatwa siku kadhaa kabla, likasafirishwa kwenye baridi, likapita mikono mingi. Mama wa Usa River au Maji ya Chai amelishika likiwa bado shambani.

Mimi ni mkunga, si mtafiti. Sitasimama mbele yenu nikasema mimba ya fulani ilitoka kwa dawa ya fulani, kwa sababu siwezi kuthibitisha. Ninachosema ni kwamba hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kuthibitisha lolote, kwa sababu hakuna anayeandika. Mimba zinazotoka hazimo kwenye daftari lolote la shamba. Anayetokwa na damu anaomba ruhusa ya kuumwa tumbo.

Kwa hiyo naomba haya. Kwenye mlango wa kila grinihausi uwekwe ubao wenye jina la dawa iliyopigwa, rangi ya kibandiko chake, saa iliyopigwa na saa ambayo watu wanaruhusiwa kuingia, na msimamizi atakayewaingiza watu kabla ya saa hiyo awajibishwe kama mnavyomwajibisha aliyeharibu maua. Mkata maua, mwenye mimba na asiye nayo, apewe glavu zinazofaa na ovaroli ya mikono mirefu. Ovaroli zifuliwe shambani. Leo zinafuliwa nyumbani, kwenye beseni linalofuliwa nepi, na mama anafika akiwa bado ameivaa na mtoto anamrukia kifuani. Mjamzito na anayenyonyesha wasikaribie kuchanganya dawa, kuosha mabomba wala kuingia grinihausi iliyopigwa siku hiyo, na mshahara wao ubaki ule ule, pamoja na bonasi waliyokuwa wakiipata.

Nitajibiwa kwamba kazi mbadala hakuna, na kwamba sheria yenyewe imesema pale inapowezekana. Mashamba yenu yana watu mamia. Kuna kubandika lebo, kukunja maboksi, kuandika kumbukumbu, kugawa vifaa, kushona ovaroli zilizochanika, kusimamia chumba cha watoto ninachokuja kukiomba hapo chini. Sitakubali kwamba katika kazi zote hizo hakuna ya kumpa mwanamke mmoja kwa miezi tisa.

3. Kusimama, kunyanyua, na kiu ya makusudi.

Katika ukumbi wa kuchambulia maua watu wanasimama siku nzima, kwenye sakafu yenye maji, na kila mara mtu anaitwa kwenye chumba cha baridi kisha anarudi kwenye joto. Mjamzito anabeba ndoo zilizojaa maji na maua. Jioni miguu imevimba, na mimi nikiibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Uvimbe huo unaweza kuwa wa kusimama tu. Unaweza pia kuwa dalili ya kifafa cha mimba, na mama aliyezoea kuvimba kila jioni hatashtuka siku uvimbe utakapokuwa wa hatari.

Jambo linaloniumiza zaidi katika hili ni choo. Choo kiko mbali, tageti inahesabiwa kwa saa, na anayetoka mara kwa mara anaandikwa. Mjamzito anahitaji kwenda haja ndogo mara nyingi, hilo halina ubishi. Basi wanawake wanajizuia kunywa maji kutwa nzima, ndani ya joto lile. Wananijia na maambukizi ya njia ya mkojo, homa na maumivu ya kiuno. Maambukizi hayo yakipanda kwenye figo yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Mtoto njiti anaweza kuzaliwa kwa sababu mama yake aliogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Naomba viti au stuli kwenye meza za kuchambulia, ndoo zibebwe na wengine, maji safi ya kunywa karibu na kila kitengo, na ruhusa ya choo isiyoandikwa wala kukatwa kwenye tageti ya mjamzito.

4. Siku ya kliniki isimnyime chakula.

Hili ni fupi. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linapendekeza mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara nane. Kwa kibarua wa siku, mara nane ni siku nane bila ujira, kwa sababu akija zahanati saa moja asubuhi na foleni yetu ilivyo, anatoka jua limepanda na getini haingii tena. Mpeni siku hiyo kwa malipo. Nitamgongea kadi mhuri na kuandika saa aliyoondoka. Shamba linalotaka muuguzi wangu aje kwake mara moja kwa mwezi kupima wajawazito wote, liniandikie nimwombe mganga mfawidhi tupange.

5. Usiku wa Februari.

Kila mwaka, wiki za kuelekea tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, mashamba hayalali. Malori yanatakiwa yawahi ndege, mengine yanavuka Namanga kwenda uwanja wa Nairobi, na kila mkono unahitajika. Sheria inasema usiku ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inakataza mjamzito kufanya kazi saa hizo katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Mama aliyejifungua hapaswi kupangwa usiku kwa miezi miwili baada ya kuzaa, isipokuwa aombe mwenyewe na daktari athibitishe kwamba yeye na mtoto hawatadhurika. Nimempokea mwanamke ambaye chupa imempasukia ukumbini usiku wa manane wa msimu huo. Hakuna gari lililompeleka hospitali, kwa kuwa magari yote yalikuwa yanapakia maua. Alikuja na bodaboda, amekaa upande, akishikiliwa na mwenzake kwa nyuma.

Ombi langu ni gari moja. Kila usiku ambao shamba linafanya kazi, gari moja lenye mafuta na dereva likae kwa ajili ya mgonjwa, lisipakie ua hata moja.

6. Mama anayerudi kazini.

Siku 84 ni wiki 12. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka wiki zisizopungua 14. Hilo ni la Bunge na serikali, siwabebeshi nyinyi. Lakini hesabu yake inawahusu: tunamfundisha mama amnyonyeshe mtoto maziwa yake peke yake kwa miezi sita, naye anatakiwa kwenu mtoto akiwa hajafikisha hata mitatu.

Sheria imeliona pengo hilo na kumpa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, za kumnyonyesha mtoto. Katika mashamba yenu saa hizo zinamfikiaje mtoto? Nyumbani ni mbali, mtoto ameachwa na bibi au na dada mdogo aliyekatishwa shule. Shamba linalojali linamwambia mama awahi kutoka jioni kwa saa mbili. Linadhani limetimiza sheria. Lakini titi halisubiri jioni. Ifikapo saa sita mchana maziwa yanachuruzika, kifua cha ovaroli kimelowa, anakwenda chooni au nyuma ya grinihausi anayakamua chini kwenye udongo, kwa mikono iliyotoka kushika majani yenye dawa. Baada ya wiki kadhaa maziwa yanapungua. Wengine wananijia na homa kali, titi limevimba jekundu, limetunga usaha, inabidi jipu lipasuliwe. Na huko nyumbani bibi amekwishaanza kumpa mtoto wa miezi mitatu uji mwepesi na maji yasiyochemshwa, kwa sababu mtoto analia na hana kingine cha kumpa. Ndipo watoto wanapoletwa kwangu wakiwa wanahara, macho yameingia ndani, utosi umebonyea.

Chumba kimoja kingemaliza sehemu kubwa ya mateso haya. Naomba kila shamba lijenge chumba cha watoto karibu na geti, upande ambao upepo haupelekei dawa, chenye mlezi anayelipwa, mikeka safi, maji ya bomba, sabuni, na jokofu dogo kwa wanaokamua maziwa. Kiwe na mahali pa mama kuvua ovaroli, kunawa mpaka kwenye viwiko na kuvaa blauzi safi kabla hajamshika mwanawe. Akiwa na mtoto hatua chache kutoka anapofanyia kazi, saa mbili za sheria zitagawanyika mara tatu au nne kama mtoto anavyohitaji, na nyinyi mtampoteza kazini kwa muda mfupi kuliko leo. Wenzenu wa Kenya, ambao mnashindana nao sokoni, wana Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inayowataka waajiri waweke vyumba vya kunyonyeshea. Huwezi kuniambia kwamba biashara ile ile ya maua haiwezi kuubeba mzigo huo upande huu wa mpaka.

7. Aliyempoteza mtoto.

Sheria inampa siku 84 nyingine za likizo yenye malipo mama ambaye mtoto wake amefariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe. Sijakutana na mfanyakazi hata mmoja wa mashambani aliyekuwa analijua hilo. Wanarudi kazini wiki inayofuata msiba, maziwa bado yanatoka. Na ambaye mimba imetoka anarudi kesho yake, anavuja damu, kwa sababu akisema ameumwa nini atakuwa ametoboa siri aliyoificha. Huyo ana haki ya likizo ya ugonjwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Mpeni, msimuulize mbele ya watu, na muuguzi wa shamba aandike kwenye daftari la siri, bila jina ikibidi: wiki ngapi, kitengo gani, dawa gani zilipigwa mwezi ule. Baada ya misimu michache daftari hilo litatuambia sote jambo ambalo leo tunalibahatisha.

Ndugu zangu wa OSHA na wa ofisi za kazi, naomba neno moja nanyi. Mkija kukagua kwa miadi mnakuta ovaroli mpya na vibao vilivyopakwa rangi juzi. Njooni bila taarifa, njooni Februari, njooni na mkaguzi mwanamke, na ongeeni na wafanyakazi nje ya geti msimamizi asipokuwepo. Ombeni orodha za majina za mwaka mzima mwone ni wanawake gani walitoweka kwenye orodha na walitoweka lini. Na vyama vya wafanyakazi, mkataba wa hali bora mnaojadili na waajiri usiishie kwenye asilimia ya mshahara.

Kwenu waajiri, mnaweza kuuliza kwa nini zahanati ndogo ijiingize kwenye mambo ya kazi. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, vifo vitokanavyo na uzazi vilishuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye utafiti wa 2015/16. Lakini vifo vya watoto wachanga, walio chini ya siku 28, vilibaki karibu pale pale: 25 kwa kila vizazi hai 1,000 wakati ule, 24 kwenye utafiti wa 2022. Wengi wa watoto hao wanakufa kwa kuzaliwa kabla ya wakati, kwa kushindwa kupumua na kwa maambukizi. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe likizo, na nashukuru. Ila sisi wakunga hatuwezi kuyamaliza haya wodini. Mama analala kwangu siku moja au mbili. Miezi tisa iliyotangulia alikuwa kwenu.

Naomba mambo matatu yafanyike kabla ya msimu ujao wa Februari, kwa sababu hayahitaji ujenzi wala mkopo: tangazo getini lenye sahihi ya mkurugenzi, ubao wa dawa kwenye kila grinihausi, na gari la mgonjwa usiku. Chumba cha watoto nawapa mwaka. Shamba litakalokuwa tayari litume mtu zahanati, siku yoyote ya kazi baada ya saa nane mchana, foleni ya kliniki ikiwa imeisha. Nitakaa naye tuandike pamoja, na nitawaambia kina mama wa shamba hilo kwamba sasa wanaweza kuja na kadi zao mikononi.

Wenu kwa heshima,

Muuguzi mkunga, Arumeru